Makofi kwa Mwalimu

Ndani ya basi la kutoka hospitali, fundi cherehani alitega sikio. Mbele yake mwalimu mstaafu alikuwa akimsimulia mama asiyemjua: "Daktari alinichungulia kwa kamera ya kupitishwa nyuma, ikanitoboa utumbo wa haja kubwa. Akaniambia ukweli palepale, akanishona, nikawa najisaidia kwenye mfuko uliobandikwa tumboni. Wiki hii wameutoa mfuko, wakaunganisha utumbo."

"Mshtaki huyo!" mama akawaka.

"Nimshtaki? Jana nilipojamba, yeye ndiye aliyeanza kupiga makofi!"

"Akutoboe, halafu akushangilie?"

"Wodi nzima ilishangilia, mama. Utumbo umeamka!"

Fundi akajiziba mdomo asicheke. Basi likasimama. Mwalimu akainuka taratibu na, kabla hajafika mlangoni, akaachia mlio mmoja mnene. Abiria wakageuka kumtazama.

Mama akapiga makofi. "Hongera, mzee wangu," akasema. "Lakini mshtaki!"