Swali Moja Kabla ya Nyaramba

Katika gari la kwenda Nyaramba, mbele yangu aliketi Mokeira, anayegombea udiwani, pamoja na Ochoki, msaidizi wake wa kampeni. Nilikuwa nimefungua daftari langu la masomo ya jioni, lakini, Mungu anisamehe, niliwasikiliza wao wakijifunza kujibu maswali ya mkutano wa sokoni.

“Sasa mimi ni mpinzani wako,” Ochoki alisema. “Mama, wewe hujasoma!”

“Nimesoma kuliko wewe uliyerudia darasa la saba mara tatu.”

Wakacheka. Mimi nilifunika daftari.

“Vizuri, mheshimiwa. Lingine: uliachana na mume wako, ukarudi kwa baba yako. Shamba ni la kaka zako. Ukifa, utazikwa wapi?”

Mokeira akageukia dirisha; tulikuwa tukipita kituo cha Sironga.

“Lazima ujibu. Sokoni watauliza hilo hilo. Sema utazikwa kwenu.”

“Nilimwuliza kaka yangu jana. Akasema nimalize kwanza uchaguzi.”

Ochoki akaikunja karatasi yake ya majibu. “Basi tutasema wewe ni wa wadi nzima.”

“Wadi nzima itanichimbia wapi, Ochoki?”

Nilimwombea kimyakimya. Gari likasimama, makanga akafungua mlango. Nje watu walikuwa wakiimba jina lake, naye alikuwa bado ameketi.