Chachu ya Marehemu

— Semeni ukweli: hii ni bia au siki?

Mpika Bia aliuliza akiwa bado amesimama, glasi mkononi. Kwenye benchi la nje ya kibanda cha kinyozi walikuwepo wale wale: Kinyozi mwenyewe, Profesa, ambaye hajawahi kufundisha hata kuku, na Shemeji, mdogo wa marehemu mume wa Mpika Bia, anayemimina kahawa bila kuinua uso. Katika chumba cha jirani mama huyu hupika bia nyepesi, ya kuteremka kooni bila ugomvi, ya mtu aliyetoka juani. Safari hii pipa zima lilikuwa limechacha. Kando ya birika aliweka chupa yenye tope jeupe: chachu aliyoianzisha mumewe, anayoitunza isife kama mtu atunzavyo mgonjwa. Kahawa ikiisha, alisema, ataimwaga mtaroni, anunue ya dukani.

— Ni maji, alisema Kinyozi. Bomba linatoa kutu siku hizi.

— Kutu! Mbona unaniosha kichwa kwa maji hayo hayo na hakijachacha? Profesa akadakia. Ni ule mnara wa simu. Chachu ni kiumbe, inasikia. Umbea wote wa mtaa unapita mle pipani, utabaki mtamu wewe?

— Profesa, kunywa kahawa, alisema Kinyozi.

— Au imejua mwenyewe hayupo. Imesusa.

Hapo hakuna aliyecheka. Mpika Bia aliyazoea maneno ya Profesa, ila hili lilimchoma, maana ndilo alilolifikiri yeye mwenyewe alipoonja, akaona aibu.

Fundi Cherehani wa mlango wa tatu akaja na kikombe chake, akakuta birika limebaki mashapo.

— Mwenzangu, akamuuliza Mpika Bia, pipa halikuingia hewa?

— Iingie wapi? Mfuniko naufunga kwa mkono wangu, haufunguliwi mpaka bia iive. Na ufunguo wa chumba ninao mimi na…

Akaichukua chupa, akaelekea mtaroni, akaanza kufungua kizibo. Shemeji akamshika mkono.

— Usiimwage, shemeji. Haina kosa.

— Umejuaje?

Kinyozi alijifanya anafuta mkasi.

— Pipa nimelifungua mimi, alisema Shemeji. Kila asubuhi, kabla hujaamka. Naingiza kichwa, nanusa. Kaka alikuwa akirudi nyumbani ananukia hivyo hivyo.