Kuku Hawakukaa Eda

Assalaam alaikum, ndugu zangu! Ahimidiwe Mola aliyenifungulia kifua, leo nakaa nanyi nikicheka! Na wewe Mwanaidi, mwenye msiba wetu, uliyefiwa na mume kama mimi, inua uso. Haya nayasema kwa ajili yako.

Mume wangu alirudi Kinjumbi kutoka mashamba ya mkonge ya Wazungu kule Lindi, karudi na homa, na homa ikamchukua. Nikaingia eda. Ndugu zangu, nilikufa naye! Nikiletewa uji, naurudisha. Kutwa nimekodolea ukuta macho.

Tulikuwa na kuku, na kuku walikuwa wake hasa. Ndiye aliyewafungulia asubuhi akiwaita, "Ti ti ti!" Sasa wakawa wanakuja mlangoni kumtafuta, roho inaniuma jamani, inaniuma! Nikasema, mimi nimefungwa, na wao wafungwe! Nikawafunika wote uani chini ya tenga la fito. Walidonoana mpaka migongo ikabaki uchi. Utitiri ukawajaa. Yai, hata la dawa hukuti.

Ndipo akaja wifi yangu Somoe, dada wa marehemu. Huyo hapo, anajificha kwenye kanga! Usijifiche, wifi, leo nakusema! Aliliangalia lile tenga, akanigeukia.

"Wifi, eda ni yako. Kuku hawakufiwa."

Lo! Nilikasirika, nusura nimfukuze. Lakini naye kafiwa na kaka, wa tumbo moja! Macho yamemvimba, na bado ameinama anaokota kuku mmoja mmoja, anawapaka majivu chini ya mbawa taratibu, utadhani anaogesha mtoto mchanga. Tangu hapo kila kukicha yupo. Maji safi kwenye vifuu. Chicha ya nazi. Kichuguu akivunja, mchwa ni wao. Akawawekea pakacha la kutagia lenye mchanga pembeni, penye kivuli, maana kuku naye anataka faragha yake. Kisha anawaachia wazurure, wachakure, wajigaragaze vumbini. Mashaallah, mkono ule!

Mimi nachungulia tu. Manyoya yakaota. Jogoo akaanza tena maringo yake. Na asubuhi moja nikasikia kuku anatetea, ua mzima unajua kataga! Ndugu zangu, nilisimama. Miguu yangu mwenyewe! Nikaliokota lile yai, lina joto bado, nikalia, nikacheka. Somoe akalichemsha, nikalila lote. Alhamdulillahi! Eda nikaimaliza nikiwa mtu.

Mwanaidi mwanangu, Mola hamtupi mja wake. Mtegemee. Nasikia nawe uji unaurudisha, kwa hiyo sikuja mikono mitupu. Mtetea huyu ni wa kizazi cha kuku walewale. Nimekwisha kumzungusha mafigani pako ili ajue kwake ni hapa. Usiku huu alale jikoni. Kesho wasimfungulie hawa ndugu. Chukua chenga za mchele kiganjani, ufungue mlango wewe mwenyewe, umwite.