Picha Zisizo na Majina

Kijiwe chetu ni benchi la nje ya kiwanda cha zamani cha dagaa, hapa kwenye mji wa bandari wa Bergen. Ndani tumetundika picha zetu, sisi wanawake wapiga picha wa mtaa huu, na maonyesho yanafunguliwa saa nane. Mvua inanyunya, nani anaijali? Kinachotukereketa ni Oddny, mwenzetu wa kundi. Maisha yake yote kapiga picha za harusi na meli kwenye studio ya mumewe, na nyuma ya kila picha ukagongwa muhuri wa jina la mume. Leo kaingia, katazama kuta, katoka bila kuaga.

— Wivu huo! alisema Turid, tunayemwita Flashi kwa kulipuka bila kuonya.

— Wivu wa nini, shoga, na hakuna picha hata moja yenye jina? Åse alimjibu huku akimimina kahawa. Huyu ndiye Katibu wetu. — Tulipiga kura. Picha zote ni za kundi. Mambo ya ustaa tuwaachie wanaume.

— Basi picha yake mmeitundika kichwa chini.

— Thubutu!

— Au kamwona marehemu mumewe mle ndani, anatafuta pa kugonga muhuri!

— Flashi, umekunywa nini leo?

— Haya, basi ni mpelelezi wa wapiga picha wanaume. Kaja kutuibia mbinu.

— Mwenzangu, koma, nilimwambia. Roho iliniuma. Oddny ndiye aliyenifundisha kusafisha picha kwenye chumba cha giza, akinishika mkono.

Mara akatokea bibi mmoja wa koti la mvua, kabeba mfuko wa mikate ya iliki.

— Hamjambo, mabinti? Mimi Borghild, dada yake Oddny. Nimekuja na feri ya asubuhi. Tangu aolewe, sijaona picha ikiitwa yake. Haya nionyesheni, ya mdogo wangu ni ipi?

Flashi akamtazama Katibu. Katibu akatazama kikombe.

— Ile ya wavuvi, nadhani, nikasema.

— Ile si yangu mimi? aliuliza Flashi, safari hii taratibu.

— Au ya bibi harusi... Katibu akabahatisha.

Borghild alituangalia mmoja mmoja. Akauweka mfuko wa mikate kwenye benchi.

— Kumbe hata nyinyi mmemnyima jina, akasema, akaenda kumtafuta mdogo wake.