Nyasi Langoni Pangu

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na wanaonifahamu wajizuie kucheka. Mimi naogopa ng'ombe. Nimelikana jambo hili tangu tuhamie Kitengela kutoka Kakamega. Binti wa mfugaji, mwenye shahada mbili, mkazi wa Kajiado, naogopa ng'ombe! Ndama akinitazama, natafuta ukuta.

Ndiyo maana nilizungusha waya kwenye ploti yetu. Majirani niliwaambia ni usalama. Mume wangu nilimwambia ni maendeleo, naye alinitazama tu, kwa sababu ananijua. Waya huo ulifunga njia ambayo mifugo ilipitia kwenda bwawani tangu zamani, kabla ploti hazijaitwa ploti. Ardhi ni yetu, hati tunayo. Lakini ng'ombe walilazimika kuzungukia barabara kuu, katikati ya malori, na kiangazi kilipokaza, waliokonda walianguka kabla ya kuyaona maji.

Mimi nilikuwa ndani, naandika. Makala zangu zilihusu wanawake viongozi, kina mama waliojitolea kuitumikia jamii bila malipo. Niliwapenda sana, hasa waliokufa, kwa kuwa hao hawapigi hodi.

Walio hai walipiga hodi Jumamosi asubuhi. Mama Resiato ni mwenyekiti wa kamati ya amani ya akina mama, inayopatanisha wafugaji na sisi wenye ploti. Haina ofisi wala posho. Alikuja na wenzake, kila mmoja ameshika nyasi mbichi. Sijui walizipata wapi kiangazi kile. Ndugu zangu, mimi najua jambo moja: Mkenya akija na majani mkononi, anaandamana! Nilitia kufuli langoni, nikajificha nyuma ya tangi la maji.

"Takwenya, Mama Imani," Mama Resiato akanisalimu kwa Kimaasai. "Tunaona viatu vyako."

Nikajitokeza. "Mnaandamana kwangu? Mimi ninayeandika habari zenu?"

"Nani anaandamana? Hii ni nyasi. Kwetu mtu akikuinulia nyasi, anaomba amani. Hata kama uko na fimbo, unaweka chini. Tumekuja kuomba njia."

Nikaanza kueleza habari za hati na ramani.

"Hiyo ni kitu uko nayo," akanikatiza. "Mimi nauliza unaogopa nini."

Nilikuwa na majibu mengi. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu aliyekuinulia nyasi.

"Ng'ombe," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akaketi chini. "Ng'ombe! Na maziwa tunakuletea unakunywa!"

"Maziwa hayana pembe," nikajibu.

Mama Resiato ndiye aliyewanyamazisha. "Basi hiyo ni kazi ndogo. Wakipita, sisi tutasimama kati yao na nyumba yako. Kwa zamu. Utakaa na amani."

Nimesikia mahubiri mengi juu ya ngome na kimbilio. Sikuwa nimewahi kuahidiwa ukuta wa akina mama wenye kazi zao nyumbani!

Na wamesimama kweli. Ng'ombe nawaogopa bado. Mungu hajaniondolea hilo, nami sijamsumbua tena. Alinitoa nyuma ya tangi, na hilo latosha. Siku hizi nina zamu yangu pia: nasimama mwisho wa mstari, nyuma ya mgongo wa Mama Resiato, natetemeka kwa adabu. Ndugu yangu uliyejificha leo, mtumaini Bwana. Huenda msaada uliouomba umeshafika, na wewe ndiye uliyeufungia nje.

Mimi nilifungua kwa simu. Jumamosi ile, akina mama wakiwa bado langoni, nilimpigia fundi, ambaye Jumatatu alikuwa alete mawe ili waya ugeuke ukuta.

"Fundi, mawe usilete. Njoo na koleo ukate waya."

"Kwani mama umeuza ploti?"

"Sijauza," nikamwambia. "Nimeokolewa."