Leo Mama Tochi Anaketi

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaonyesha watu viti gizani, mhudumu wetu wa ukumbi, Mama Tochi, anastaafu. Wapenzi wa sanaa watapumua. Hakuna tena atakayesonya nyuma yao.

Maana huyu mama alisonya. Ukumbi wetu, kama mnavyojua, huonyesha filamu za majaribio, zile ambazo watazamaji wanne hutoka wamekunja nyuso wakisema zimewagusa. Mama Tochi zilimgusa pia, hasa miguu, kwa kuwa alizitazama zote akiwa wima mlangoni. Ile ya ukuta mweupe ilipokwisha, alimuuliza meneja kwa adabu zote kama mwenye nyumba anajua watu wameukodolea macho ukuta wake.

Ya bomba linalovuja ndiyo iliyompa umaarufu. Alivumilia, akavumilia, kisha akatoka kimyakimya kwenda kulitafuta bomba hilo vyooni. Alipolikosa, akafunga maji ya jengo zima. Mgahawa wa chini ulikaa mkavu hadi kesho yake mchana, naye akanilaumu mimi, fundi wa mitambo, kwa kutomwambia mapema kwamba bomba liko kwenye filamu.

Filamu za hali halisi alizistahi kidogo, mradi ziwe na watu. Jioni moja tulionyesha moja kuhusu wafuaji nguo wa hospitali. Katikati ya mvuke, mwanamke mmoja aliyekuwa akikunja shuka aligeuka, akacheka. Tochi ikaanguka. Alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea, aliyefariki bila kuacha hata picha moja.

Alipanda kwenye chumba changu cha mitambo akihema, akaniomba niirudishe nyuma. Kanuni zetu zinakataza kurudisha filamu watu wakiwa ndani. Nikairudisha. Wataalamu wetu wanne walisifu sana marudio yale, wakasema yana uzito wake.

Tangu hapo aliuomba uongozi kila mwaka uilete tena filamu ile. Kila mwaka uongozi ulimjibu kwa upole kwamba haivuti watu, kisha ukaleta ya ukuta, sehemu ya pili.

Kamati ya kuaga nayo ikapendekeza zawadi ya saa ya ukutani. Mtu amekaa miaka yote hiyo akisubiri filamu ziishe, halafu umpe saa. Niligombana nao, na sijutii. Filamu ya wafuaji imekuja, iko juu kwenye mtambo.

Mama, asante kwa miguu yako na kwa ulimi wako. Tunakuombea umri mrefu, afya, na jioni zisizo na ukuta. Leo husimami, tochi ataishika meneja, na akikupeleka kiti cha nyuma, msonye. Dada yako akigeuka, nitairudisha. Wenye haraka zao mlango wanaujua. Nitairudisha tena na tena, mpaka wewe mwenyewe useme basi.