Kochi Lililoombewa Mara Nne

Mheshimiwa Mchungaji Joash, mlezi wa kanisa hili. Wazee wenzangu wa kanisa. Akina mama wa ushirika, ambao harufu ya chapati zenu imeanza kuhubiri kabla yangu. Ndugu wageni waalikwa mliotembea kwa miguu kutoka maofisini mjini hadi hapa Westlands. Na ninyi wawili tunaowaaga leo, ndugu yetu Lazarus Sifuna na mkewe Mama Selpher: nawasalimu nyote katika jina la Bwana.

Nimepewa dakika kumi. Mchungaji ameshanionyesha saa yake mara mbili, na bado sijasema kitu. Nilifundisha shule miaka ishirini na sita, ndugu zangu, na mwalimu aliyestaafu ni kama jogoo mzee: kazi ya kuamsha watu imekwisha, lakini sauti bado anayo. Mnivumilie.

Ndugu Sifuna amepika katika nyumba moja ya Spring Valley kwa miaka kumi na minane. Jumamosi hii atapanda gari la moshi kurudi kwao Bungoma. Najua mnangoja nimsifu kwa supu yake, kwa uaminifu wake, na kwa sauti yake ya besi ambayo ilipasua kioo cha dirisha lile pale, ingawa yeye husema ni mvua ya mawe. Hayo yote ni kweli. Lakini mimi leo nitamsifu kwa ajili ya siku aliyosimama mbele ya kanisa zima akasema uongo. Mama Selpher, usifunike uso. Yeye mwenyewe ameniruhusu.

Kwa ajili ya wageni wetu, lazima nieleze kwanza desturi ya hapa. Wapishi, yaya na watunza bustani wa upande huu hupata mapumziko Alhamisi mchana, na saa hizo ndizo za ibada yetu. Mtu akipata baraka, husimama akatoa ushuhuda. Alhamisi inayofuata, ushirika mzima huenda katika chumba chake kuiona baraka hiyo kwa macho. Tunaimba, tunaiwekea mikono, Mchungaji anaombea, kisha mwenye baraka anatupa chai. Hata sufuria tumewahi kuiwekea mikono. Hata mwavuli.

Mimi niliongeza jambo moja. Kila baraka ikiombewa, nilikuwa napiga magoti, nafumba macho, napitisha mkono chini yake na kuchora msalaba mdogo kwa chaki. Kwa nini nifumbe macho? Kwa sababu ilikuwa wakati wa maombi. Na kwa nini chaki? Kwa sababu nilistaafu na pakiti sita, na mtu hutumikia kwa alichonacho.

Sasa, mwaka wa hamsini na sita, ndugu Mwololo, yule aliyeketi karibu na mlango, kama ilivyo kawaida ya mtu mwenye dhamiri, alisimama akashuhudia. Yeye ni mtunza bustani wa bibi mmoja Mzungu huko Kitisuru. Alisema, "Bwana asifiwe! Memsabu amenipa kochi. Ya springi! Ukiketi, inakurudisha juu kidogo." Mnakumbuka shangwe ile? Kochi la mtu mmoja, lenye mikono mipana ya kuwekea kikombe! Tulikwenda Kitisuru tukaliona, limefunikwa blanketi jekundu. Nilichora msalaba wangu.

Kabla mwezi haujaisha, dada Annah Kasyoka naye akasimama. Kochi! Tukaenda, tukalikuta limevaa kitambaa cheupe cha kufuma. Nilichora. Baada ya Pasaka, akasimama mtu wa tatu, ambaye sitamtaja kwa jina, ila nitasema kwamba ana saa na hivi sasa anaiangalia. La kwake lilikuwa na shuka la maua. Nilichora.

Na Sifuna? Sifuna alikuwa ameshiriki nasi miaka tisa bila hata kusimama mara moja. Ikifika zamu ya mstari wake, alikuwa anainama kufunga kamba za viatu, mpaka siku moja nikaona kwamba amevaa viatu visivyo na kamba. Watu walianza utani. "Ndugu Sifuna, wewe uliomba kwa Kibukusu nini? Huko juu wanangoja mkalimani?" Alicheka pamoja nao. Lakini alinifuata nje, akaniambia, "Mwalimu, mimi nasali asubuhi, nasali jioni. Mwololo anakuja ibada akiwa amechelewa, anasinzia, na anapewa kochi. Kama Bwana hanioni, basi na mimi nitaacha kumtafuta. Alhamisi nitalala."

Ndugu zangu, hilo halikuwa jambo la mchezo. Mtu aliyeimba besi miaka tisa alikuwa karibu kututoka, na si kanisa tu alilotaka kuliacha. Mimi nilifanya nini? Nilifanya kile ninachojua: nilimfafanulia Maandiko kwa saa nzima na nusu, tukiwa tumesimama juani. Nilipomaliza, aliniambia, "Asante, Mwalimu. Sasa na kichwa pia kinauma."

Alhamisi iliyofuata alisimama. Mama Selpher aliyekuwa kando yake alimvuta koti, lakini aliyeamua ameamua. "Bwana asifiwe," akasema, "nimepewa kochi."

Hakuwa na kochi. Hakuwa na hata kigoda kizima. Usiku ule Mama Selpher alimwuliza, "Baba, watu hamsini watakuja hapa kuweka mikono juu ya nini? Juu yangu?" Kwa hiyo Sifuna akaenda Kitisuru kwa Mwololo. "Ndugu yangu, niazime kochi yako, saa mbili tu." Mwololo aliangalia lango, akaangalia jua. Angekataa, angeulizwa sababu. Mwisho akasema, "Chukua. Lakini saa kumi na moja iwe imerudi. Kamili!" Sifuna hakujiuliza kwa nini mtu ana haraka hivyo na mali yake mwenyewe. Alilipakia kwenye toroli, akalipitisha njia za nyuma mpaka Spring Valley, na Mama Selpher akalifunika kanga yake ya kijani.

Tukaja. Tukaimba. Tukaweka mikono. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikachora. Na hapo ningenyamaza, kila mtu angekunywa chai akaenda zake. Lakini nilitaka kueleza jambo. Nilitaka kueleza tofauti kati ya kupumzika kimwili na kupumzika kiroho, na ili mfano uonekane vizuri, niliketi.

Springi ilinirudisha juu, kama Mwololo alivyoshuhudia. Kidogo, alisema. Haikuwa kidogo. Mimi nilikwenda upande wa sufuria ya chai, kochi likaenda upande wa ukuta, likalala kifudifudi, miguu juu. Na pale chini, mbele ya ushirika mzima, ikaonekana misalaba minne.

Minne, ndugu zangu. Yote ni mwandiko wangu.

Kila mtu alihesabu kwa midomo. Mchungaji akakohoa kikohozi kirefu. Kasyoka akaangalia dari kana kwamba imeanza kuvuja. Mwololo alikuwa ameshafika mlangoni. Ndipo Kasyoka akanigeukia mimi, mimi niliyekuwa bado sakafuni nimelowa chai, akasema kwa uchungu, "Lakini wewe, Mwalimu! Hiyo chaki yako nani alikutuma?"

Sifuna aliinama akagusa msalaba wa kwanza. "Huu ni wa Mwololo." Akagusa wa pili. "Kasyoka." Alipofika wa tatu alimwangalia Mchungaji, akauruka kwa heshima. Kisha akageuka. "Mwololo, sema ukweli. Memsabu alikupa?"

"Hakunipa," akasema Mwololo. "Iko kwa veranda yake. Alhamisi anaenda mjini."

Nilidhani Sifuna atakasirika. Miezi ya wivu, ndugu zangu, miezi ya kumnung'unikia Mungu, na yote kwa ajili ya kochi moja ambalo Mungu hakumpa hata mmoja wao! Lakini alianza kucheka. Alicheka mpaka akaketi sakafuni kando yangu, katika chai ileile, na wakati huohuo machozi yakimtiririka, na sikujua machozi yale ni ya kicheko au ya kitu kingine. Sikuuliza. Ni mara yangu moja maishani kuacha kuuliza.

Mama Selpher ndiye aliyeturudishia akili. "Mtacheka kesho. Saa kumi na nusu sasa, na mwenye kochi anarudi." Tukalibeba wote, Mchungaji akiwa mguu wa mbele kulia. Tulipofika karibu na lango la Kitisuru, gari likasimama. Memsabu akatoa kichwa. Akaliangalia kochi lake, akatuangalia sisi, watu hamsini wenye nguo za ibada.

Sisi wenye kisomo tulitazama viatu vyetu. Sifuna ndiye aliyesogea mbele, akavua kofia. "Memsabu, hii kochi ni yako. Tuliazima bila ruhusa. Makosa ni yetu wote. Tumeiombea mara nne."

Mama yule alifikiri. "Mara ine?" akasema kwa Kiswahili chake, akinyooshea kidole springi zilizokuwa zikilia kwa kila hatua yetu. "Kwa nini yeye nalia bado?"

Mwololo alinyimwa Alhamisi mbili, na alistahili. Lakini hakufukuzwa, na hilo alilishuhudia kwa haki.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huelewa vibaya hadithi hii. Kuna wanaosema Sifuna alipata amani kwa sababu aligundua kwamba wenzake nao hawana kitu. Hiyo si amani, ndugu zangu. Hiyo ni kufurahi kwamba nyumba ya jirani nayo inavuja. Nami niliogopa kwamba amani yake itakuwa ya namna hiyo, nikangoja nione.

Sikungoja sana. Alhamisi iliyofuata alisimama kwa hiari yake, akasema: "Wiki hii sikupewa kitu. Nilikula. Mguu wangu uliuma Jumatatu, Jumanne ukaacha. Bwana asifiwe." Akaketi. Haukuwa na shangwe ushuhuda ule, lakini ulikuwa wa kwanza kwa muda mrefu ambao hatukuhitaji kwenda kuuangalia. Baada yake akasimama mama mmoja akasema naye hakupata kitu, na mwingine, na siku ile watu waliokuwa hawajafungua kinywa kwa miaka walisimama mpaka tukachelewa kurudi kazini.

Kisha, mwaka uliofuata, Mwololo alipewa baiskeli. Kweli alipewa, mara hii tulidai barua ya mwajiri wake. Nilimtazama Sifuna. Nilisema moyoni, sasa ndio mtihani. Sifuna aliruka kutoka kitini kabla Mwololo hajamaliza, akapiga makofi, akapiga kigelegele kama mama wa bwana harusi, na ibada ilipokwisha akadai kubebwa wa kwanza. Waliingia kwenye ua wa miiba wa jirani, wote wawili, wakatoka wakicheka na kuchomoana miiba.

Nilimwuliza jioni ile, "Ndugu Sifuna, wivu uliuweka wapi?" Akanijibu, na jibu hili nimelifundisha kuliko yote niliyosoma chuoni: "Mwalimu, zamani nilipokuwa nasali, jicho moja nilifumba, na jingine lilikuwa kwa Mwololo. Siku hizi nafumba yote mawili. Nikiyafumbua, namwona Selpher, naona jiko linawaka, naona ninyi. Sijui nilikuwa nikitafuta nini."

Ndugu Sifuna, kamati ilikuuliza ungependa zawadi gani ya kuagwa. Ulijibu kwamba huna mahali pa kuiweka, ila ungefurahi Mwololo akikusindikiza stesheni. Atakusindikiza. Nasi sote tutakuja. Treni ina kawaida ya kuondoka kwa wakati, kwa hiyo Mchungaji ameniomba nisihutubu huko.

Nami nina kosa langu la kutubu. Tangu niandike hotuba hii nimekuwa nikihesabu. Bungoma watapata besi. Sisi tutabaki na mimi. Majirani zake wataketi naye jioni. Mimi nitatembea peke yangu kutoka ibadani. Nimewaonea wivu watu wa Bungoma, ndugu zangu, watu ambao sijawahi kuwaona, kwa sababu wamepewa na mimi nimenyang'anywa. Baada ya miaka ishirini na sita ya kufundisha! Kwa hiyo Alhamisi nitasimama wa kwanza, nami nitasema kwa kifupi, jambo ambalo hamtaamini: kwamba nilikuwa na rafiki miaka kumi na moja, kwamba ameenda kwao akiwa mzima, na kwamba nashukuru kwa yote mawili. La pili huenda nikalisema kwa shida. Mnisaidie kuitikia.

Nawashukuru, akina mama, kwa kuziweka chapati zikiwa moto hadi sasa. Nakushukuru, Mchungaji, kwa saa yako. Ninyi nyote mlioninyamazia muda huu wote, Bwana awalipe uvumilivu wenu. Asanteni sana kwa masikio yenu.